Pimeni Ziwa Jilore Wazee Wakingali Hai: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Maji, Ardhi na Mazingira

Jilore, Malindi
Kaunti ya Kilifi

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya maji, ardhi na mazingira, katika serikali ya kaunti na serikali ya kitaifa.

KUH: MPAKA WA ZIWA JILORE, MFEREJI WAKE NA BARUA TATU ZISIZOJIBIWA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni wakulima, wavuvi, wafugaji na wachota maji wa vijiji vilivyo kando ya Ziwa Jilore, tuliounda kamati ya kulitunza ziwa hilo, na mimi ninayeshika kalamu ni katibu wa kamati. Hatukupenda kuyaleta mambo haya hadharani. Kwa desturi ya pwani mgeni hubisha hodi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka kimya kimya bila kinyongo. Sisi tumebisha mara tatu, lakini hatuna pa kuondokea, kwa kuwa nyumba tunayoibishia ni ya umma na sisi ni miongoni mwa wenyewe.

Barua ya kwanza tuliipeleka kwa mkono na nakala yetu ikapigwa muhuri. Ya pili tuliipeleka tukiwa watu saba, tukakalishwa kwenye benchi mpaka saa za ofisi zikaisha. Ya tatu tuliiambatisha picha pamoja na ramani iliyochorwa kwa rula na penseli za rangi na mwalimu mmoja mstaafu wa hapa kwetu, ramani ambayo, bila ya kumsifu kwa kuwa ni jirani, naamini inaonyesha ziwa hili vizuri kuliko karatasi yoyote niliyowahi kuonyeshwa ofisini. Nakala zote ninazo na mihuri yake inasomeka. Jibu hatuna hata moja, hata lile la mstari mmoja la kusema kwamba barua imefika.

Kabla ya kutaja malalamiko, naomba nieleze ziwa hili ni la namna gani, kwa sababu nusu ya shida yetu inatokana na kutoeleweka kwake. Jilore ni ziwa la bonde la mafuriko. Mto unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, ukazunguka Ukambani, ukaungana na mto Tsavo ndani ya mbuga na kuitwa Galana, ndio huo huo unaotufikia sisi ukiitwa Sabaki, kisha ukamwaga maji yake mekundu baharini kaskazini ya mji wa Malindi. Mvua zikinyesha sana huko bara, Sabaki hufura na maji yake hutafuta njia ya kuingia ziwani. Mto ukishuka, ziwa hubaki na akiba yake, likatupa perege na kambare, maji ya kunywesha ng'ombe na mbuzi, na matete ya kuezekea. Mvua zikikosekana kwa misimu kadhaa mfululizo, mto haupandi, ziwa hunywea, na huweza kufika hali ya kuwa uwanda wa tope lililopasuka. Mafuriko yakija, hujaa tena. Ziwa la namna hii haliuawi na ukavu peke yake. Linauawa likizibiwa njia ya kujaa, au likirudi na kukuta kitanda chake kimekwisha kugawanywa viwanja.

Haya mawili ya mwisho ndiyo yanayotokea, na yote mawili yanahitaji kalamu ya afisa. Yale yaliyohitaji mikono, tumeyafanya.

Tumekubaliana wenyewe, bila ya kushurutishwa na mtu, kwamba nyavu za matundu madogo hazitatumika, na aliyekamatwa nazo mara ya kwanza hupewa onyo mbele ya baraza, mara ya pili huchukuliwa nyavu. Tumetenga njia mbili za mifugo ili ng'ombe wasishuke popote na kuvuruga ukingo. Wafugaji wanaotoka mbali wakati wa kiangazi tumewapokea kwa mazungumzo, wakapewa siku zao za kunywesha, na mpaka leo hapajatokea ugomvi wa kupelekwa kwa chifu. Kina mama, ambao ndio wanaofika ziwani mapema kuliko sote, wameweka mti uliopigwa alama kwa rangi ili kuhesabu maji yameshuka kiasi gani kila wiki, na hesabu hiyo huandikwa kwenye daftari la shule. Tumepanda miche kwenye kingo. Mingi ilikufa kwa kiangazi, mingine ililiwa na mbuzi wetu wenyewe, na iliyosalia sasa inampita mtu kimo. Nayataja haya pamoja na aibu zake ili msidhani tunajipamba.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Ziwa halina mpaka unaotambuliwa, na kila kiangazi kinaligeuza kuwa shamba la mtu.

Maji yanaposhuka, ardhi inayobaki wazi ni nyeusi, laini na yenye rutuba ambayo mchanga wetu wa juu hauna. Majirani hulima hapo mahindi na mboga, na hilo hatulikatazi, maana kulima kwa muda kwenye tope la ziwa ni desturi ya zamani, na alimaye anajua kwamba maji yakirudi mazao yake yatakwenda nayo. Tunacholalamikia ni vigingi. Katika kiangazi cha hivi karibuni tuliona vigingi vya miti, na baada ya miezi michache vya saruji, vimesimikwa mahali ambapo katika miaka ya maji mengi mitumbwi hupita. Tulipouliza, tuliambiwa na watu tusiowajua kwamba ardhi hiyo iko wazi na kwamba makaratasi yake yanashughulikiwa. Yanashughulikiwa na nani, hatukuambiwa.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inahesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma, iliyowekwa chini ya serikali ya kitaifa kwa amana ya watu wa Kenya na kusimamiwa kwa niaba yao na tume ya ardhi. Neno ni amana. Amana haihamishwi kwa sababu imeonekana haina mtu juu yake kwa miezi sita.

Swali linalobaki ni ziwa linaishia wapi, na hapa ndipo tunapowaomba msikilize kwa makini. Mpimaji akija wakati wa kiangazi akapima ukingo wa maji anaoukuta, atakuwa amepima dimbwi, na ziwa lote lililobaki atakuwa amewagawia wenye vigingi. Ukingo wa ziwa la mafuriko ni pale maji yanapofika yanapokuwa mengi. Ushahidi wa jambo hilo upo wa aina mbili. Wa kwanza ni picha za setilaiti za Landsat, zilizoanza kupigwa 1972 na ambazo tangu 2008 hupatikana bila malipo. Afisa yeyote mwenye kompyuta anaweza kuziona, akalinganisha mwaka wa maji na mwaka wa ukame. Zitamwonyesha mafuriko ya El Nino ya 1997 na yale ya mwishoni mwa 2023. Hazitamwonyesha mafuriko makubwa ya 1961, kwa kuwa wakati huo setilaiti hizo hazikuwapo.

Ushahidi wa pili ni wa walioyaona mafuriko hayo. Hapa Jilore wapo wazee, wake kwa waume, waliokuwa vijana wakati huo na ambao leo wamepita miaka 80. Wanajua maji yalifika kwenye mti gani, yaliingia kwenye boma la nani, ng'ombe walihamishiwa kilima kipi. Mwaka jana tulitembea nao siku nzima, mmoja wao amebebwa kwenye bodaboda kwa sababu miguu haimchukui, na kila walipoonyesha tuliweka jiwe lililopakwa chokaa. Tangu siku ile wawili kati yao tumewazika. Mawe yapo, lakini jiwe lililowekwa na kamati ya kijiji halina nguvu mbele ya kigingi cha saruji chenye namba. Tunaomba mpimaji wa serikali atembee nao hao waliobaki, aandike wanayosema, ayalinganishe na picha, kisha asimike bikoni, yaani alama rasmi za mpaka, zenye kutambuliwa.

Wala hatudai mpaka kwa wepesi. Watu wa bonde hili wanajua mpaka unaochorwa na wasioulizana na wenyeji una uchungu gani. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliufanya mto huu Sabaki kuwa mpaka, ikawaamuru Wagiriama wahame ng'ambo ya kaskazini, na nyumba zikachomwa. Bibi zetu wamesimuliwa hayo na bibi zao. Safari hii sisi wenyewe ndio tunaoomba mpaka, na tunauomba ili pawe na kitu cha wote.

2. Mfereji umeziba, tulizuiwa kuuzibua, na kibali tulichoambiwa tuombe hatukupewa wala hatukunyimwa.

Mfereji unaoleta maji ya Sabaki ziwani ulikuwa umejaa mchanga na matete kiasi kwamba mbuzi walikuwa wakilisha humo ndani. Sabaki ni mto wa tope. Anayetilia shaka na asimame ufuoni Malindi wakati wa mvua, aone bahari ilivyogeuka rangi ya matofali. Tope hilo ni udongo wa mashamba ya huko juu, na kila mafuriko huacha sehemu yake mlangoni mwa ziwa letu. Tuliamua kuuzibua kwa jembe, sepetu na karai. Kila Jumamosi, watu walikuja kwa zamu za vijiji, wakianza alfajiri na kumaliza jua likianza kuchoma, wanaume wakichimba, kina mama na vijana wakipokezana makarai, na uji ukipikwa chini ya mkwaju. Sijawahi kuona, katika maisha yangu hapa, wavuvi na wafugaji wakifanya kazi kwenye mtaro mmoja bila ya kubishana. Ubishani pekee niliousikia ulikuwa kuhusu uji kukosa sukari.

Jumamosi ya sita alifika afisa kwa pikipiki akatuambia kwamba kuchimba kwenye njia ya maji bila kibali ni kosa. Tulitii siku hiyo hiyo. Na kwa kweli, Waheshimiwa, hatusemi alikosea. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kuchimba, kujenga au kugeuza maji ya mto, ziwa au kinamasi bila idhini, na ina sababu yake. Mfereji kama huu hupitisha maji pande zote mbili: mto ukipanda huleta, mto ukishuka huweza kuyarudisha, na ukichimbwa kina kupita kiasi unaweza kulikausha ziwa badala ya kulijaza. Wazee wetu walijua hivyo, na maji yakishaingia walikuwa wakiuziba mdomo kwa matete na udongo. Sisi hatuna vipimo vya kujua kina kinachofaa. Ndiyo sababu tuliomba mtaalamu.

Kosa liko katika kilichofuata. Tuliandika maombi ya kibali kama tulivyoelekezwa. Tukaambiwa twende ofisi nyingine. Ofisi hiyo ikasema lazima kwanza iwepo ripoti ya mtaalamu kuhusu athari kwa mazingira, na kwamba mtaalamu hulipwa na mwombaji. Tukauliza kama serikali yenyewe haina mtaalamu wa maji ambaye angeweza kufika kwa siku moja na kutuambia chimbeni hapa, simamisheni hapa. Tukajibiwa kwamba wazo hilo ni zuri. Tangu hapo ni kimya, na msimu mmoja wa mvua umekwisha pita. Sabaki ilipanda na kushuka, na maji yaliyoingia ziwani ni yale tu yaliyopenya kwenye ile sehemu tuliyokuwa tumekwisha kuichimba kwa Jumamosi tano.

3. Sheria inayotufunga sisi haiwafungi wenye mashine.

Hili nitalisema kwa ufupi. Sheria ya Maji ya 2016 haimtaki kibali anayechota kwa mtungi kwa matumizi ya nyumbani, ila inamtaka kibali anayevuta maji kwa mitambo. Kando ya ziwa na ya mfereji tumehesabu mashine za kuvuta maji zinazonguruma usiku na mchana hata wakati kina mama wanatumbukia kwenye tope hadi magotini ili kujaza mtungi wa lita 20. Baadhi ni za majirani zetu, na tunaongea nao. Baadhi ni za watu tusiowaona. Tunaowaona ni vijana wao wa kutia petroli. Tuliomba orodha ya vibali vilivyotolewa kwa ziwa hili, jambo ambalo kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 lilistahili uamuzi ndani ya siku 21. Hatukupata orodha, wala sababu ya kunyimwa.

4. Yanayojengwa juu ya mto yanaamuliwa kana kwamba mto unaishia Tsavo.

Katika miaka ya karibuni mto huu umepata watumiaji wakubwa. Upo mradi wa umwagiliaji wa Galana-Kulalu, ulioanza 2014 na shamba la mfano la ekari 10,000. Lipo bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza 2018 kwenye mto Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Hapo chini kwetu vipo visima vya Baricho, vilivyo kando ya Sabaki, ambavyo maji yake hufika Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Hatupingi hata kimoja. Mtu wa Makueni ana kiu kama sisi, na mahindi ya Galana yakifika sokoni Malindi tutayanunua.

Lakini bwawa kazi yake ni kuzuia mafuriko na kuyaachia kidogo kidogo, na ziwa letu linaishi kwa mafuriko. Mto unaweza kuwa na maji mwaka mzima, kipimo cha wastani kikaonekana kizuri kwenye ripoti, na bado usipande hata siku moja kiasi cha kufika mdomo wa mfereji wetu. Wanaopanga matumizi ya mto huzungumzia kiasi cha chini kinachopaswa kubaki mtoni. Sisi tunauliza kuhusu kiasi cha juu: katika mpango wa kuendesha bwawa hilo, je, zimewekwa siku chache za mwaka ambapo maji yataachiwa kwa wingi ili mabonde ya chini yajae? Sheria ya Maji yenyewe inatambua hifadhi ya maji kwa mahitaji ya binadamu na kwa uhai wa viumbe wa majini, kabla ya kugawa mengine yote. Tunataka kujua kama Jilore iliingizwa kwenye hesabu hiyo, au kama aliyeifanya hesabu hajui kwamba tupo.

5. Ziwa likinywea, viboko na mamba hutuhamia.

Viboko wakikosa maji hutembea usiku kutafuta malisho mashambani, na mamba hujikusanya kwenye dimbwi lile lile tunalochota. Sheria ya wanyamapori ya 2013 imeweka shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Hatuandiki kuomba pesa hizo. Tunaomba maji yawatoshe wao na sisi.

Waheshimiwa, kwa kuwa tumeketi kwenye mabenchi ya ofisi kwa muda wa kutosha, tunaweza kukisia majibu yatakayotolewa, na tungependa kuyajibu mapema ili muda usipotee.

Huenda ofisi ya kaunti ikasema kwamba ziwa ni la serikali ya kitaifa, na ya kitaifa ikasema kwamba huduma za maji na uhifadhi wa udongo na maji zimegatuliwa. Yote mawili yanatoka kwenye Katiba moja, katika jedwali lake la nne, na wala hayapingani. Kinachohitajika ni watu wawili kutoka pande mbili kukaa meza moja kwa asubuhi moja. Sisi tuko tayari kuileta hiyo meza.

Huenda mkasema fedha hazikutengwa. Tunalielewa hilo kwa mambo ya mamilioni. Hatujaomba tingatinga. Mchimbaji tunaye, karai tunazo, uji tutapika. Tunachoomba ni mpimaji, mtaalamu wa maji na sahihi.

Huenda mkasema kwamba ni mabadiliko ya tabianchi. Ni kweli kwamba kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya nchi hii, na hakuna ofisi inayoweza kuinyeshea Jilore. Lakini vigingi vya saruji havikuletwa na tabianchi. Na kama ukame utakuwa ukirudi mara kwa mara, basi ni sababu ya kuhakikisha kwamba kila tone linaloletwa na mafuriko linapata njia ya kuingia na mahali pa kukaa.

Na lipo jibu la nne, ambalo halisemwi waziwazi lakini tumelisikia nyuma ya mlango: kwamba wenyeji ndio waharibifu, na wakipewa mamlaka wataumaliza ukingo wote. Hilo limetuuma kuliko mengine. Wapo miongoni mwetu waharibifu, nami nimekwisha kuwataja, pamoja na mbuzi. Lakini tazameni upande wa pili wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pale Gede, ambako tangu 1993 wakulima wa pembeni mwa msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa wao, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya vifuko vyao, nje ya nchi, na kipato hicho kikawapa sababu ya kuulinda msitu ambao baadhi yao hapo awali walitamani ugawanywe mashamba. Sheria ya Maji, kifungu cha 29, nayo inaruhusu watumiaji wa maji kuunda chama cha kusimamia chanzo chao kwa kushirikiana na mamlaka. Tumejaza fomu za kutambuliwa. Ziko kwenye moja ya ofisi zenu, chini ya barua zetu.

Kwa hivyo tunaomba mambo yafuatayo, na tumeyaweka kwa tarehe zinazowezekana.

Ndani ya siku 21 tangu kuipokea barua hii, tupewe kwa maandishi orodha ya vibali vyote vya kuvuta maji kwenye Ziwa Jilore na mfereji wake, na maelezo ya maombi yoyote ya hati miliki yaliyopelekwa juu ya ardhi ya ziwa. Ndani ya muda huo huo, usajili wowote wa viwanja ndani ya eneo la mawe yetu ya chokaa usimamishwe mpaka upimaji ufanyike.

Kabla ya mvua zijazo, mpimaji na mtaalamu wa maji wafike Jilore, watembee na wazee, na waamue ukingo wa ziwa pamoja na kina cha mfereji. Baada ya hapo tupewe kibali cha muda cha kumaliza kazi tuliyoianza, tukisimamiwa na nyinyi, na tuwekewe lango dogo la kufunga na kufungua mdomo wa mfereji, hata kama ni la mbao.

Chama chetu kitambuliwe, au tuambiwe kilichopungua kwenye fomu.

Na kwa lile la bwawa, tunajua haliko mikononi mwa ofisi moja. Tunaomba tu mtuandikie barua kwa wanaohusika, muulize swali letu la kiasi cha juu, na mtupe nakala ya jibu.

Tukikosa jibu kwa mara ya nne, tutakwenda mahakamani. Tunalisema hili bila hasira. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kuidai haki hiyo mbele ya mahakama bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba ameumia yeye mwenyewe. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo hapa hapa Malindi, nauli yake tunaimudu. Wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walikwenda mahakamani kuhusu ujenzi wa bandari, na 2018 Mahakama Kuu iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Sisi hatudai hata shilingi. Tungependelea sana mpimaji afike kwa wito wa barua kuliko kwa amri ya jaji, kwa sababu kesi huchukua miaka, na wazee wetu miaka hiyo hawana.

Kamati hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, chini ya mkwaju ulio karibu na mdomo wa mfereji. Anayetoka Malindi kwa gari hana haja ya kuuliza njia mara mbili; akifika tu Jilore, mtoto yeyote atamwonyesha. Wazee wanne wataletwa siku yoyote mtakayoitaja, mradi tupewe taarifa ya siku mbili ili tuwatafutie usafiri.

Wenu waaminifu,

Katibu, kwa niaba ya kamati ya wanavijiji wanaotunza Ziwa Jilore

Viambatisho: nakala za barua tatu zenye mihuri, nakala ya ramani ya mwalimu, kurasa za daftari la kina mama la kupimia maji, orodha ya mawe ya chokaa na mahali yalipo.